Sauti Iliyotolewa Sadaka

Ukiutafuta leo kwenye simu utaupata. Andika maneno ya mwanzo tu, "Nimeweka jiwe langu", utaletewa wimbo pamoja na picha ya minazi isiyomhusu mtu yeyote wa mtaa wetu wa Usagara, Tanga, na chini yake wameandika: wimbo wa zamani wa pwani, mwimbaji hajulikani. Kila nikisoma hapo napandwa na hasira. Hajulikani na nani? Nilikaa naye nyumba moja. Alikuwa akiazima pasi yangu ya mkaa na kuirudisha na majivu ndani.

Aliitwa Tuhfa binti Massoud. Lakini ninayetaka kumweleza hapa ni mama yake, Bi Nasima, kwa sababu Tuhfa aliimba, akafa, na mateso yote yaliyofuata yakamwangukia mama. Watu walimcheka. Wengine walisema ana mashetani, wengine wakasema anatafuta pesa. Nilikuwa mpangaji wake miaka yote ile, na naapa hakuwa na moja wala jingine. Alitaka mwanawe apumzike, basi.

Bi Nasima alikuwa Mpemba wa Wete. Aliolewa huku Tanga na mchuuzi wa nazi wa Pangani, na mume alipofariki akamwachia nyumba ya vyumba sita, mtoto mmoja wa kike, na jicho la kuchagua nazi. Akaishi kwa kuuza mafuta ya nazi. Kutwa alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mimi, Bibiana, binti wa mkata mkonge aliyetoka Songea, nilipanga chumba cha mbele na cherehani yangu. Milio ya nyumba yetu ilikuwa hiyo miwili, yeye nyuma anakuna, mimi mbele nashona, na katikati Tuhfa anaimba. Bi Nasima alikuwa mfupi, mkali, na huruma yake aliificha. Ukimshukuru kwa jambo, anakugombeza.

Ikaja miaka ya shida. Ambao hawakuiona wanadhani tunatia chumvi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, unga ni ule wa yanga, mahindi ya njano, ulioletwa kwa meli, na hata huo kwa foleni. Duka la ushirika la mtaa wetu likifunguliwa siku moja, watu walikuwa wameshaanza kupanga tangu siku iliyopita, na kwa kuwa binadamu hawezi kusimama usiku na mchana, tuliacha mawe yatushikie nafasi. Kila mtu alilijua jiwe lake. La Bi Nasima alikuwa amelipaka chokaa. Tunakuja asubuhi tunakuta mawe yamepangana vizuri, na huku wenye majina yao wanatokea mlango wa nyuma na mche wa sabuni chini ya kanga.

Tuhfa alikuwa kwenye kikundi cha kina mama cha kuimba harusini. Alikuwa ameachika mara moja, hajali, na mdomo wake haukuwa na mlango. Akatunga:

Nimeweka jiwe langu, linishikie foleni,
Jua la kichwani mwangu, jiwe liko kivulini,
Wapitao nyuma yangu, watoka wana sabuni,
Jiwe nawe mwenzi wangu, tuulize tuna nini.

Waliuimba kwenye harusi moja hapo hapo Usagara. Wanawake walitunza mpaka noti zikaisha, wakaanza kutunza bangili. Meneja wa duka alikuwa miongoni mwa waalikwa, naye peke yake hakucheka.

Haikupita wiki, akaja afisa utamaduni, Bwana Manase. Hakuja na polisi. Alikuja na kalamu mbili mfukoni na adabu nyingi, akampa Bi Nasima shikamoo yake, akaketi kwenye kiti changu cha wateja.

"Mama, wimbo ni mzuri," alisema. "Tatizo unavunja watu moyo wakati taifa liko kwenye mapambano. Ukiimbwa tena, kikundi kitapoteza kibali."

"Nani kavunjika moyo?" Tuhfa akauliza. "Jiwe?"

Mama yake akamfinya paja. Bwana Manase akatabasamu, akanywa chai isiyo na sukari, akaaga. Wimbo ukaishia hapo. Kina mama waliogopa kupoteza kibali, na Tuhfa akanuna kwa siku kadhaa, hasemi na mtu.

Mjomba wake wa Mombasa alikuwa amemletea redio kaseti ya magendo, imeviringishwa ndani ya kanga mbili. Mchana mmoja akaketi nayo kwenye kizingiti cha jikoni, akanigeukia.

"Da Bibiana, hebu tulia kidogo na hicho chombo chako."

Nikasimamisha cherehani. Mama yake hakuambiwa atulie, maana hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Kwa hiyo kanda ile inaanza na mlio wa nazi ikikunwa. Halafu Tuhfa anaingia, bila ngoma, bila udi, sauti tupu ya mtu aliyekatazwa. Wimbo wote aliuimba. Alipomaliza mstari wa mwisho alikaa kimya kidogo, na katika kimya hicho Bi Nasima akaacha kukuna, akasema, "Basi Tuhfa, zima. Njoo ule, ugali wapoa." Ndipo Tuhfa akazima.

Masika yale alishikwa na homa. Dawa mjini hazikuwepo. Mjomba alituma vidonge kutoka Mombasa, vikafika siku ya tatu ya matanga.

Kwa desturi ya kwao, vya marehemu havikai ndani. Arobaini ilipofika, Bi Nasima alitoa kanga za Tuhfa, viatu vyake, hina yake, chupa yake ya marashi, vyote sadaka kwa ajili yake. Redio kaseti alimpa Bi Mwatum, mwanamke aliyemwosha maiti. Aliitoa mbele ya watu huku ameugeuza uso, kwa sababu hakuweza kuitazama. Na kwa kuwa hakuitazama, hakufungua kile kifuniko chake cha mbele. Kanda ilikuwa ndani.

Bi Mwatum alikuwa na mwana aitwaye Abass, mwenye kibanda karibu na stendi. Alikuwa akitengeneza saa, na saa zilipoadimika akageukia kunakili kanda. Sina haja ya kumsingizia ubaya. Alibonyeza kitufe, akasikia kitu kizuri, akakinakili.

Siku ya kwanza Bi Nasima kuusikia alikuwa sokoni anachagua nazi. Alirudi bila nazi. Akasimama mlangoni kwangu, kanga imemteleza kichwani, naye si mtu wa kuacha kichwa wazi.

"Nimemsikia Tuhfa," akasema.

Nikadhani ni huzuni. Nikamwambia ndivyo inavyokuwa, hata mimi baba alipokufa nilikuwa namsikia akikohoa.

"Sikiza, Bibiana. Nimesikia mtu yuwakuna nazi. Nikasema, nani huyo akuna nazi katikati ya soko? Halafu akaimba Tuhfa. Halafu nikasikia mtu yuwamwita ale." Akanishika mkono. "Ni mimi. Nilikuwepo. Mimi na yeye, tuko ndani ya duka la mtu."

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Mwanzoni kanda iliuzwa kwa kificho, kwa kuwa wimbo ulikuwa umekatazwa, na nadhani kukatazwa huko ndiko kulikoupa miguu. Ukapigwa kwa vinyozi, kwenye magari ya mkonge, kwenye nyumba za watu. Yeye akipita huusikia, akifika mwisho husikia sauti yake mwenyewe ikisema zima. Kisha mwenye redio anarudisha kanda nyuma, na Tuhfa anaanza upya.

"Namwambia azime, hazimi," aliniambia siku moja. "Toka lini mwanangu akawa hasikii?"

Akaanza kuweka sahani. Akipika mchana, anapakua ya tatu, anaifunika kwa kawa, anaiacha kwenye kizingiti cha jikoni. Jioni anawapa watoto wa jirani. Nilipomuuliza, nilimuuliza kwa upole sana, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu huvaa nguo.

"Kila siku namwita aje ale. Akija, akute sufuria tupu?"

Nililala vibaya wiki ile. Sisi Wakatoliki tuna misa za marehemu, nikaenda kuomba misa kwa jina la Tuhfa. Padri akaniuliza ni Mkristo gani huyo. Nikamwambia padri, soma tu.

Ilibidi Bi Nasima amfuate Abass, nami nikaenda naye. Kijana alimpa kiti, akazima redio bila kuambiwa.

"Mama, mie sikuiba. Redio mlitoa wenyewe, mkasema sadaka ya Tuhfa."

"Nipe kanda yangu."

"Nakupa. Na redio chukua ukitaka. Lakini mama, kanda yenyewe hasa iko wapi? Muheza ipo, Pangani ipo, Mombasa ipo. Hata watu niliowauzia nao wananakili. Nikikupa hii nimekupa moja."

Alikuwa ameshaitoa, ameishika mbele yake. Bi Nasima akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Alikuwa amekumbuka kwamba ni sadaka. Tukaondoka na mikono mitupu, tukapita kwa Maalim Uweso aliyesoma hitima ya Tuhfa.

Maalim akamsikiliza hadi mwisho. "Ulichomtolea maiti usikirudishe, Nasima. Ukikirudisha, na thawabu yake umeirudisha."

"Na nyimbo je, Maalim? Kila wakiipiga huandikiwa dhambi?"

Mzee akahesabu tasbihi yake kwa muda. "Mimi si malaika wa kuandika," akasema. "Mwombee."

Hilo lilimmaliza. Njiani kurudi alisema neno ambalo sijalisahau: "Kisanduku kimoja, Bibiana. Kwa huku chamtia peponi, kwa huku chamtoa. Nami ndiye niliyekitoa, mbele za watu."

Zikaja enzi za ruksa. Mitumba, televisheni, sabuni za rangi zote, na kanda tupu kwa maboksi. Kila mwenye mashine ya milango miwili akawa kiwanda. Wimbo uliokatazwa ukapigwa kwenye baa za Raskazone kwa sauti ya juu, ukapigwa kwenye kivuko cha Pangani watu wakisubiri kuvuka. Watoto wa shule wakaokota yale maneno ya mwisho wakayafanya mzaha wao. Mchezaji akichelewa na mpira, uwanja mzima unamwambia, "Ugali wapoa." Mwalimu akirefusha hotuba, mtu nyuma ananong'ona, "Basi Tuhfa, zima." Hawakujua ni maneno ya nani. Bi Nasima alikuwa akiyasikia kutoka kwa watoto aliowapa ile sahani.

Vyama vingi vilipokuja, mambo yakawa ya ajabu kabisa. Gari la kampeni la chama hiki likapita likiupiga kuonyesha jinsi tulivyoteswa. Kesho yake gari la chama kile likapita likiupiga kuonyesha tulikotoka na tulipofika. Vipaza sauti vinne juu ya gari, na Bi Nasima mle ndani anamwita mwanawe, mtaa mzima unatetemeka. Sahani ya siku ile aliiweka mara mbili.

Ndipo akaamua kumtafuta Bwana Manase. "Yeye aliwahi kuufunga," alisema. "Aufunge tena." Nilidhani ametania, kumbe alikuwa ameshavaa buibui.

Tulimkuta Raskazone, kwenye nyumba moja ya zamani yenye mabati ya mviringo na bustani iliyokauka. Alikuwa amepunguzwa serikalini, sasa ni mshauri wa kampuni ya muziki ya watu wa Dar es Salaam. Bi Nasima hakulijua hilo, na hata angelijua asingelijali. Kwake serikali ilikuwa ni Bwana Manase.

"Shikamoo mama. Siku nyingi."

"Marahaba. Nimekuja unifungie wimbo."

Akacheka kidogo, akaona hatucheki. "Ule wa jiwe?"

"Ule ule."

"Mama, mambo hayo yamekwisha. Siku hizi hakuna anayefungia nyimbo. Ni uhuru wa mawazo, umo kwenye katiba."

"Alipokuwa hai mlimnyamazisha kwa kikombe kimoja cha chai," Bi Nasima akasema. "Sasa kafa, mwashindwa?"

Bwana Manase akatazama dirishani, ambako palikuwa na ukuta tu. Nilimchukia mtu yule kwa miaka, lakini dakika ile nilimwona ameumia. Kisha ushauri wake ukamrudia. Akatueleza kuwa kuna sheria mpya ya hakimiliki. Mtunzi akifa, haki inabaki kwa warithi, kwa hiyo yeye mama anaweza kudai fungu.

"Fungu la nini?"

"La mauzo, mama."

"Sitaki fungu. Nataka anyamaze."

"Hiyo ni kesi, tena ndefu. Utaulizwa nani alitoa kanda, na mliitoa wenyewe mbele ya mashahidi." Akasogeza kiti. "Lakini nikuambie. Kampuni yetu inataka kuutoa wimbo huu kwa heshima yake. Ukiridhia, tutasajili, na tukishasajili, zile kanda za mitaani zote ni haramu. Askari watazikusanya. Zitasagwa."

"Zote?"

"Za mitaani, zote. Na ile sauti yako ya mwisho tutaiondoa. Ile ni yako, hatuwezi kuiuza bila idhini yako. Nimesikia watoto wanavyoichezea. Si adabu."

Bi Nasima akanigeukia, akashusha sauti kama vile Bwana Manase hakuwepo. "Bibiana, yuwasema zitasagwa?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na watoto hawataniiga tena?"

"Hawatakuiga."

Akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa. Bahasha ya fungu aliiacha juu ya meza, tukatoka.

Na sheria, nikubali, ilifanya kazi. Kwa miaka yote mama mtu aliyelia hakupata hata mgambo wa kumsikiliza, ila kampuni ilipolia askari walikuja na gari. Stendi nzima ilikaguliwa. Kanda zikamwagwa chini na lori likapita juu yake mara kadhaa. Abass alisimama na mikono kichwani. Walichukua na ile redio ya sadaka, wakasema ni chombo cha kutendea kosa. Bi Nasima alikuwapo, na jioni alinieleza yote huku anachekecha unga. Hakumfurahia Abass, wala hakumsikitikia.

Mji ukanyamaza. Nakumbuka mwezi ule kwa mapenzi, maana nilirudishiwa mwenye nyumba wangu. Sahani ya tatu ikarudi kabatini. Akaanza tena kunitania kwamba cherehani yangu inakohoa. Siku moja nilimkuta amelala mkekani mchana, mdomo wazi, anakoroma, nami nikatembea kwa ncha za vidole nikijua Tuhfa naye amelala.

Wakati huo redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza, nami nilikuwa na kiredio changu dirishani. Nilikuwa nashona sare za shule mtangazaji aliposema sasa tupate kitu kutoka Tanga, kimesafishwa upya. Nikasikia kinanda. Halafu sauti ya Tuhfa.

Ilikuwa karibu sana. Kwenye zile kanda za zamani alikuwa mbali, ndani ya vumbi, nyuma ya nazi. Sasa walikuwa wamefuta kila kitu kilichomzunguka, na akawa kama ameingia chumbani kwangu kuazima pasi. Uani, mkuno ukakatika. Bi Nasima akaja mlangoni, mikono imejaa nazi nyeupe, akasimama.

Tuhfa akaimba mstari wa mwisho, jiwe nawe mwenzi wangu, akamaliza. Kikaja kile kimya kidogo. Nilijua neno linalofuata, mji mzima ulilijua. Niliona midomo ya Bi Nasima imejiandaa kuumia.

Halikuja. Likaja tangazo la sabuni.

"Mimi simo," akasema.

"Wamekutoa, Bi Nasima. Ndivyo ulivyotaka."

"Na nani atamwita?"

Tangazo likaisha, wakaanza habari za bei ya mahindi. Alikuwa bado amesimama. Kisha akakisogelea kile kiredio, akakiinamia kidogo, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya mama aliyemaliza kupika, "Basi Tuhfa, zima. Njoo ule, ugali wapoa."

Akarudi uani, akafungua kabati, akatoa sahani.

Alizitafuta zile kanda za zamani. Yeye aliyetaka zisagwe akazunguka mji kuuliza nani alificha moja. Abass hakuwa na kitu, na alilia alipomwambia hivyo. Tukarudi Raskazone, Bwana Manase akatuambia kwa masikitiko kwamba waliposafisha hawakuhifadhi kilichotolewa. "Zile zilikuwa kelele tu, mama," alisema. Njia nzima ya kurudi Bi Nasima alikuwa akilirudia lile neno. Kelele. Ilikuwa nazi yake, ugali wake na mwanawe, mchana mmoja wa shida.

Basi akaifanya kazi ile mwenyewe. Wimbo ukipigwa mahali, akiwa pale, huacha alichoshika, husubiri mstari wa mwisho, humwita. Alimwita kwenye kivuko cha Pangani mbele ya abiria. Alimwita kliniki, muuguzi akadhani anaombwa chakula. Alimwita kwenye harusi ya mjukuu wa Bi Mwatum, na wasichana wakacheka, na Bi Mwatum mwenyewe, mzee sasa, akawanyamazisha kwa fimbo. Nilimuuliza mara moja kama hachoki. Akasema kuchoka kupo, lakini mtoto wa watu yuwaimba na jua li juu, aachwe vivi hivi?

Alikufa kiangazi kimoja, usingizini, baada ya kuuza mafuta yote. Arobaini ilipofika ndugu zake wa Pemba walikuja kugawa vyake. Mbuzi ya kukunia nazi nikapewa mimi, sadaka. Niliipokea kwa mikono miwili, na kabla ya kuingia nayo ndani niliigeuza, nikaitazama chini na juu, nikapapasa kila mahali. Haikuwa na kitu ila ulaini wa pale alipokuwa akikaa.

Sasa nyumba ni ya warithi, nami bado nimo chumba cha mbele. Chumba cha Tuhfa amepanga binti mmoja wa chuo, Devota, mtoto mzuri, haachi simu. Juzi nilikuwa uani nakuna nazi, naye yuko ndani, nikausikia. Kinanda kwanza, halafu yule ambaye hajulikani. Nikafikiria ni simu ngapi saa ile zinaupiga wimbo wake, huku na nchi za watu ambazo hata jina siwezi kulitamka, na kila moja inafika mwisho na kuanza upya, na hakuna hata mmoja katika wote hao anayejua kwamba huyu mtoto alikuwa akiitwa.

Nikaacha kukuna. Nikasubiri Tuhfa amalize. Nikamwita.

Devota akatoa kichwa mlangoni. "Bibi, umesema na nani?"

"Na mwenye huo wimbo," nikamwambia. "Zima, mwanangu. Usiurudie mpaka ale."